Picha ya taya ni habari ya ukoo

Tangu Kenya ilipojipatia Sheria ya Afya ya Kidijitali mnamo mwaka 2023, yamesemwa mengi magazetini na redioni kuhusu kompyuta na mitandao, na machache mno kuhusu kile hasa kitakachohifadhiwa humo. Wachambuzi wa fedha wamesema yao juu ya mamlaka mpya ya bima iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Wanasheria nao wamesema yao. Mimi ni mtu wa isimu, na si desturi yangu kujiingiza katika shughuli za waganga. Hata hivyo, lipo jambo moja lililokaa katika mpaka wa taaluma yao na yangu, nami nimeona si vibaya nikiliweka mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi. Jambo lenyewe ni picha ya taya.

Mwaka 1960 madaktari wawili wa Marekani, Robert Gorlin na Robert Goltz, waliandika makala iliyounganisha mambo matatu ambayo mtu wa kawaida asingedhani yana uhusiano: saratani za ngozi zinazozuka kwa wingi, vifuko ndani ya mfupa wa taya, na ubavu uliogawanyika nchani mfano wa panda. Walionyesha kwamba hayo ni matawi ya mti mmoja, na kwamba mti huo hupandwa katika ukoo. Si maradhi mapya. Mwaka 1969 wataalamu wawili walieleza dalili zake katika mifupa iliyofukuliwa Misri, mifupa ya watu walioishi zama za Mafarao. Chanzo chake kilijulikana mwaka 1996: ni kasoro katika jeni moja iliyoko kwenye kromosomu ya 9. Jeni hiyo ilipata jina lake kwa nzi wadogo wa matunda, na kwa Kiswahili tungeweza kuiita tu "kiraka". Jirani yake katika kazi ya kuujenga mwili ni jeni nyingine iliyopewa jina la kalunguyeye, kwa sababu funza wa nzi aliyeharibikiwa nayo huota vimiba mwili mzima. Nayataja haya kwa wanafunzi wanaodhani kwamba istilahi za sayansi zimeshuka kutoka mbinguni. Wanasayansi nao hutazama kitu, wakakifananisha na kingine, wakakipa jina, kama walivyofanya mabibi zetu waliotupa majina ya samaki na miti.

Mzazi mwenye kasoro hii humrithisha kila mtoto wake kwa nafasi ya nusu kwa nusu, awe mtoto wa kiume au wa kike. Kati ya wagonjwa 100, 20 hadi 30 hivi ndio wa kwanza kwao, kasoro ikiwa imezuka upya ndani yao. Waliobaki wameipokea kwa baba au kwa mama.

Sasa nije kwenye nukta iliyonifanya nishike kalamu. Vitabu vingi vya tiba viliandikwa Ulaya na Marekani, na vimelipa maradhi haya jina linaloanzia na saratani ya ngozi, maana huko ngozi ndiyo husema kwanza. Kwetu ngozi aghalabu hunyamaza. Watafiti wa Marekani waliochapisha matokeo yao mwaka 1997, baada ya kuwachunguza watu 105 wenye maradhi haya, waliona kwamba miongoni mwa weupe wanane katika kila kumi walikuwa wamepata saratani hiyo ya ngozi, na miongoni mwa weusi hawakufika wanne katika kumi. Weusi katika kundi hilo walikuwa wachache, lakini sababu yaeleweka: rangi ya ngozi ni mwavuli dhidi ya jua. Taya halina mwavuli wala halihitaji jua. Katika watu wale 105, karibu robo tatu walikuwa na vifuko vya taya, na wengi wa hao walikipata cha kwanza kabla ya kutimiza miaka 20.

Maana yake ni nini? Ni kwamba Mwafrika mwenye maradhi haya yumkini ataonywa na taya lake kabla ya kuonywa na kitu kingine chochote, na ataonywa akiwa bado yumo darasani.

Onyo lenyewe ni la siri. Kifuko hiki huota kutokana na mabaki ya chembe zinazojenga meno, nacho hujaa keratini, dutu ile ile iliyomo katika kucha na nywele, ikiwa kama jibini laini. Tabia yake ya ajabu ni kwamba hakisukumi mfupa kwenda nje kwa haraka. Hutambaa ndani kwa ndani, kufuata urefu wa taya kutoka magego kuelekea mbele au kupanda juu kuelekea sikioni, kikiacha ganda la mfupa limesimama kama nyumba iliyoliwa na mchwa. Mtoto anaweza kuwa na pango la urefu wa kidole na uso wake usibadilike. Siku kifuko kinapoambukizwa vijidudu ndipo shavu huvimba, usaha ukatoka, na kila mtu akasema ni jino.

Ndiyo sababu picha haina badala. Picha inayofaa kuanzia ni ile ya mashine inayozunguka kichwa na kuyakunjua mataya yote mawili kwenye bapa moja kama ramani, njia iliyobuniwa na Yrjö Paatero kule Finland katikati ya karne iliyopita. Wahudumu wetu huiita kwa herufi tatu tu, OPG. Kifuko huonekana humo kama doa jeusi lenye ukingo mweupe mwembamba, mara nyingine ukingo wenye mawimbi, na meno yaliyo karibu yamesukumwa kando au yamezuiwa kuota. Doa moja halitoshi kumtuhumu mtu kuwa na maradhi ya ukoo. Mawili, matatu, katika mataya yote mawili, kwa mtoto wa miaka kumi na mbili, hapo yapasa mtu asimame afikiri. Picha yenyewe haikati shauri, kwa kuwa ameloblastoma, uvimbe wa taya unaoonekana sana katika hospitali za Afrika, huweza kutoa doa la namna hiyo hiyo. Sharti kipande cha ukuta wa kifuko kitazamwe kwa hadubini. Picha za ziada nazo husaidia: ile ya kifua yaweza kuonyesha ubavu wenye panda, na ile ya kichwa yaweza kuonyesha chokaa katika utando unaotenganisha nusu mbili za ubongo.

Mwaka jana nilikuwa Utange, kule Kisauni, nyumbani kwa dada yangu. Jirani yake mmoja, mama wa makamo, aliposikia kwamba nipo alikuja na bahasha kubwa ya kaki. "Mwalimu, wewe si wakwita Daktari? Hebu nisomee hapa." Nikamjibu kwamba udaktari wangu ni wa maneno. "Na haya si maneno?" akaniuliza, akanitolea karatasi ya ripoti. Sikuwa na la kujibu. Mwanawe alikuwa na miaka kumi na minne, ameng'olewa magego mawili katika miaka miwili kwa shavu linalovimba na kupoa na kuvimba tena, na safari ya tatu ndipo mhudumu mmoja mwenye busara alipoagiza OPG. Ripoti ilikuwa ya Kiingereza, mistari sita, nayo ilitaja mapango matatu. Kwenye fomu ya hospitali, mahali pa kuandikia habari za ukoo, palikuwa pameandikwa kwamba hakuna.

Nilimuuliza alivyoulizwa. Akasema aliulizwa kama katika ukoo wao kuna mtu mwenye maradhi hayo, naye akasema hapana. Tukaketi barazani tukazungumza, chai ikaletwa, na kabla vikombe havijaisha akanitajia mama yake mdogo aliyekwenda ng'ambo zamani, ambaye "alipasuliwa mataya, huku na huku, mara tatu". Hakuwa amemficha mtu. Yeye kwake ukoo ni watu wa baba yake.

Naomba msomaji aniruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kazi ya mtu wa isimu ilipo. Neno "ukoo" katika vinywa vya wengi wa pwani humaanisha mlango wa baba: jina, nasaba, urithi wa shamba. Jeni haijui nasaba. Yapita kwa mama kama inavyopita kwa baba. Mhudumu anayetafsiri swali la Kiingereza neno kwa neno na kuuliza habari za "ukoo" atapewa jibu la kweli kwa swali jingine. Ajabu ni kwamba Kiswahili kina chombo bora kuliko Kiingereza kwa kazi hii hii. Mwingereza ana neno moja kwa ndugu wa kiume wa baba na wa mama, na neno jingine moja kwa dada zao wote. Sisi tuna ami na mjomba, shangazi na mama mdogo na mama mkubwa. Neno lenyewe limekwisha kueleza damu imepitia wapi. Daktari akiuliza, "Mama yako mzazi? Ndugu zake? Mjomba? Mama mdogo? Kuna aliyewahi kupasuliwa taya?" amechora nusu ya mchoro wa urithi kabla hajafungua daftari.

Yule mama mdogo aliondokea papo hapo Utange. Wasomaji wa rika langu watakumbuka kwamba katika miaka ya mwanzo ya 1990, baada ya dola ya Somalia kuanguka, Utange ilikuwa jina la kambi ya wakimbizi. Walikuwamo watu wa Mogadishu, Wabajuni, na Wabarawa wasemao Chimwini, lahaja ya kaskazini kabisa ya Kiswahili, ambao wanaisimu tuliwakimbilia kwa vinasa sauti. Kambi ilifungwa kabla ya muongo huo kwisha. Wengine walihamishiwa kambi nyingine, wengine walipelekwa Marekani, wengine wakafika Uingereza, na wapo waliotulia hapa hapa. Kwa hiyo mchoro wa ukoo mmoja sasa umelala vipande vipande: picha ya taya la shangazi imo katika kompyuta ya hospitali ya ng'ambo, na picha ya taya la mtoto imo ndani ya bahasha chini ya godoro Kisauni. Ujumbe wa sauti kwa simu hufika kwa dakika moja. Jina la maradhi halifiki, kwa sababu aliyelipewa hana namna ya kulisema nyumbani.

Na jina lina uzito kuliko tunavyodhani. Kifuko hiki kiliitwa kifuko tangu mwaka 1956. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani likakibadilisha jina likakiita tumori, yaani uvimbe wenye kujiotea, kwa hoja kwamba hurudi baada ya kuondolewa na kwamba jeni ya kiraka imeharibika ndani yake. Mwaka 2017 likakirudisha kuwa kifuko. Mfupa haukubadilika katika miaka hiyo 12. Lililobadilika ni neno, na neno huweza kumsukuma daktari kukata zaidi au kukata kidogo. Ikiwa mabingwa wa dunia wanasumbuliwa na jina, seuze mama wa Utange aliyeambiwa mara "jipu", mara "uvimbe", mara "saratani"?

Mimi nalipinga neno "uvimbe" hapa, na sababu zangu si za ufasaha mtupu. Uvimbe ni kitu kinachovimba, kinachoonekana. Ukimwambia mzazi mwanawe ana uvimbe wa taya, naye akatazama shavu likiwa limenywea baada ya dawa, atahitimisha kwamba mtoto amepona, na miadi ya mwezi ujao hataiona sababu yake. "Saratani" ni tishio la bure, maana kifuko hiki si saratani. "Kifuko ndani ya mfupa" chatosha. Mtu akisikia kifuko anajua kuna kitu kilichofichika chenye kitu ndani yake, na anaelewa kwa nini shavu zuri si ushahidi.

Pana historia ya Afrika Mashariki inayofaa kukumbukwa hapa. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pembe zote nne, na kabla ya muda mrefu akamwona mwingine Jinja. Badala ya kuridhika na kuwapasua, aliuliza nani mwingine ameona jambo hili. Akasambaza vijikaratasi vyenye picha kwa hospitali nyingi za bara hili, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakaendesha gari maili 10,000 hivi kuwauliza madaktari ana kwa ana. Matokeo yake ulimwengu ukaijua saratani ya watoto inayobeba jina lake, ikahusishwa na malaria na virusi vilivyogunduliwa mwaka 1964. Ile haikuwa ya kurithi, na huvimba kwa kasi ambayo kifuko chetu hakina. Lakini njia ni ile ile: taya la mtoto mmoja lilipata maana lilipowekwa kando ya mataya mengine. Burkitt aliyatafuta hayo mengine katika ramani ya nchi. Katika maradhi ya Gorlin inatosha kuyatafuta mezani wakati wa chakula cha Idi.

Nije sasa kwenye mashine. Mwaka 2015 serikali ya taifa ilianza mpango wa kukodi vifaa vya tiba kwa hospitali 98, mbili kwa kila kaunti na nne za taifa, na katika vifaa vya picha zilikuwamo mashine za OPG. Mpango ule ulizua ugomvi mkubwa wa fedha, hata Seneti ikaunda kamati maalumu iliyotoa ripoti mwaka 2020. Sitaki kuufufua ugomvi huo. Nasema tu kwamba hoja ya mashine, ghali kama ilivyo, ndiyo iliyo rahisi. Mashine hununuliwa au hukodiwa. Iliyo ngumu ni kuitunza picha baada ya kupigwa.

Kwa maradhi haya, kupoteza picha si kupoteza fedha na nauli ya matatu ya kuvuka daraja la Nyali pekee. Miale ya eksrei ina hatari zaidi kwa watu hawa kuliko kwa wengine. Imeonekana kwamba watoto wenye kasoro hii wanaotibiwa uvimbe wa ubongo kwa miale huweza kuota saratani nyingi za ngozi pale pale miale ilipopita. Dozi ya OPG ni ndogo, takriban ile ambayo kila mmoja wetu huipata kwa maumbile katika siku chache, na miongozo kadhaa ya kimataifa hupendekeza mtoto mwenye maradhi haya apigwe picha hiyo mara moja kwa mwaka au karibu na hapo, kuanzia umri wa miaka minane hivi. Picha ya CT huwa na dozi kubwa zaidi. Inapowezekana, MRI, itumiayo sumaku badala ya miale, ndiyo ipendekezwayo kwa kichwa. Basi mtoto anayepigwa picha upya katika kila hospitali kwa kuwa ya zamani haionekani, anadhuriwa na uzembe wa makabati. Na daktari asiye na picha ya mwaka jana hawezi kujua kama doa la mwaka huu ni jipya, au ni kidonda cha upasuaji kinachojijaza mfupa. Vifuko hivi vina tabia ya kurudi, hata baada ya miaka mingi.

Hapa ndipo sheria ya 2023 ingeweza kuleta faida ya kweli kwa mtu wa Utange, iwapo mfumo unaojengwa utahifadhi picha zenyewe na si risiti za malipo peke yake, na iwapo picha itamfuata mgonjwa kutoka zahanati hadi hospitali kuu ya Pwani, na hata Nairobi akipelekwa huko. Wapo watakaoingiwa na hofu kwamba siri za ukoo zitamwagika, wachumba wakimbie. Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Nimesikia posa ikivunjwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeziweka habari za afya na za jeni katika fungu la data nyeti, nayo itumike. Lakini siri ikitunzwa hata mwenyewe asiijue, hapo imemdhulumu mwenyewe.

Hilo lanileta kwenye Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Sheria hiyo yamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu, "inapowezekana". Neno hilo la mwisho limekuwa pango kubwa kuliko lolote nililoliona katika ripoti ya yule kijana. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hakuna hospitali ya Mombasa inayoweza kusema kwa uso mkavu kwamba kuandika mistari sita ya Kiswahili chini ya mistari sita ya Kiingereza hakuwezekani. Si lazima mtaalamu wa picha aandike mwenyewe. Vyuo vyetu hutoa kila mwaka wahitimu wa Kiswahili wanaozunguka na vyeti bila kazi.

Kwa walimu wa biolojia nina ombi mahususi zaidi. Wanafunzi wetu wa sekondari hujifunza urithi kwa njegere za Mendel, kwa seli mundu na kwa uzeruzeru. Mfano wa taya ufundishwe kando ya hiyo. Mpe mwanafunzi kazi ya kuchora watu wake vizazi vitatu, pande zote mbili, kwa majina ya Kiswahili ya udugu badala ya yale ya kitabuni, aweke alama kwa ami, mjomba, shangazi na mama mdogo, kisha ajiulize kasoro ya nusu kwa nusu ingeweza kushuka kwa njia ipi. Si lazima aandike maradhi ya mtu yeyote. Mchoro peke yake watosha. Na mwalimu wa darasa, awe anafundisha biolojia au la, akimwona mtoto ambaye shavu lake huvimba na kupoa, ambaye meno yake ya kudumu hayaoti mahali pake, ambaye ameng'olewa zaidi ya mara moja na bado anarudi na leso mdomoni, amwambie mzazi aombe picha ya mataya yote mawili kabla ya jino jingine kung'olewa, na picha hiyo aihifadhi, aiandike tarehe mgongoni.

Yule kijana alipasuliwa mwezi wa tatu, na kipande kilichopelekwa maabara kilithibitisha keratini. Mama yake sasa ameombwa naye apigwe picha. Ana miaka 41 na hajawahi kuumwa jino.